Kipupwe Dodoma: vinywaji vya moto na mapambo ya msimu wa mavuno (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Ukurasa huu ni wa wanaoishi Dodoma, Singida na maeneo ya jirani ambao wangependa nyumba inukie viungo na kupendeza msimu huu wa baridi bila kuagiza vitu kutoka mbali. Maswali ni yale ambayo watu huuliza kila mwaka ikifika Juni. Majibu mengine ni marefu, mengine ya mstari mmoja, kwa kuwa maswali hayalingani uzito.

Mbona picha za mtandaoni zinaonyesha maboga na vinywaji vya mdalasini mwezi Oktoba, nyie mnasema Juni?

Kwa sababu Oktoba hapa ni jua kali. Marekani na Ulaya huo ndio mwezi wanaovuna na majani kuanguka. Kwetu Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto zaidi mwakani. Mtu anatafuta maji ya mtungini, siyo kikombe cha maziwa ya moto. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Zikishakatika, mazao hukauka shambani, watu wanavuna, mibuyu inaanza kupukutisha majani, na kufika Juni upepo unabadilika. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 13 au pungufu. Waliohamia kutoka Dar es Salaam tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016 wanaujua vizuri mshtuko huo.

Kwa hiyo kama ni mavuno, majani makavu na baridi unavyotaka, vyote viko hapa kati ya Juni na Agosti. Kusubiri Oktoba ili ufanane na picha ya mtu wa nchi nyingine ni kujitesa bure.

Nianzie wapi kununua?

Soko la Majengo kwa viungo na vitu vikavu, Sabasaba kwa mboga na matunda ya jioni, na Soko la Job Ndugai kule Nzuguni ukitaka vingi kwa pamoja. Ukiwa na ndugu anayetoka Kongwa, Mpwapwa, Chemba au Manyoni, mpigie kabla hajapanda basi. Boga la kutoka shambani kwa shangazi halina mpinzani, na masuke ya mtama atakuletea bure huku akikushangaa unataka kuyafanyia nini.

Rosela, ubuyu na ukwaju hupimwa kwa kopo au sado. Angalia chini ya kopo kabla hujalipa. Wapo wenye makopo yaliyobonyezwa kitako.

Maziwa ya boga yanatengenezwaje?

Hiki ndicho kinywaji kinachoulizwa kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Kwa watu wanne chukua kikombe kimoja na nusu cha boga lililochemshwa na kupondwa, maziwa lita moja, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki tano na sukari au asali kadiri unavyopenda. Chumvi ni punje chache tu. Usiziruke, kwa sababu bila hizo boga huwa na utamu uliopooza.

Boga lichemshwe au lipikwe kwa mvuke likiwa na ganda lake. Ukilimenya kwanza na kulizamisha kwenye maji mengi, utamu wote unabaki kwenye maji unayomwaga. Likiiva, kwangua nyama kwa kijiko na uipitishe kwenye chekeche au blenda mpaka iwe laini kabisa. Nyuzinyuzi zikibaki mgeni atazisikia kwenye ulimi, naye atakuwa na adabu ya kutosema.

Twanga tangawizi na iliki kwenye kinu. Chemsha tangawizi peke yake na kikombe kimoja cha maji kwa dakika kumi, kisha ndipo uongeze maziwa, iliki na mdalasini. Hatua hii ina sababu: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoweza kukata maziwa, na kuichemsha kwanza hukiua. Maziwa yakichemka vizuri, chuja, rudisha jikoni, ongeza boga kidogo kidogo huku ukikoroga. Moto uwe mdogo. Likishachanganyika, usiliache lichemke kwa nguvu, litashika chini.

Mbegu usitupe. Zioshe, zianike, zikaange kikavu na chumvi. Zinakaa vizuri pembeni ya kikombe.

Boga langu linakuwa na maji na halina utamu. Tatizo nini?

Umenunua changa. Boga lililokomaa lina kikonyo kikavu kama kuni, na ganda lake halitoboki kwa ukucha. Maboga ya huku hupandwa katikati ya mahindi na mtama na kuvunwa mwishoni mwa mvua. Likikaa ndani mwezi mmoja mahali pakavu penye hewa linaongezeka utamu. Hapo kuna faida mbili: linakuwa pambo la sebuleni mwezi mzima, halafu linaingia jikoni. Likianza kulainika sehemu moja, lipike siku hiyohiyo.

Rosela ya moto inapikwaje?

Wengi wanaijua rosela, au choya, kama juisi ya baridi kwenye chupa. Ya moto ni nzuri zaidi, na kwa baridi hii ndiyo yenyewe.

Osha kikombe kimoja cha rosela kavu haraka haraka kutoa mchanga (rosela ya Dodoma isiyo na mchanga bado haijazaliwa). Weka maji lita mbili jikoni pamoja na tangawizi iliyopondwa, mdalasini na karafuu nne. Yakichemka dakika kumi, epua, mimina rosela, funika. Iache dakika kumi na tano. Chuja, tia sukari, na kama una chungwa, kata ganda lake jembamba lisilo na ule weupe ulitumbukize. Machungwa ya Muheza huwa yamejaa sokoni miezi hii, hivyo ganda si shida.

Kuchemsha rosela yenyewe kwa muda mrefu kunaleta ukakasi na rangi inafifia. Rosela huloekwa kwenye maji yaliyokwisha chemka.

Sasa sufuria. Rosela ina tindikali nyingi, na sufuria za alumini tunazozitumia kila siku hazipatani na tindikali. Pikia kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu au yenye enameli, ama loweka kwenye jagi la kioo au chungu. Hali ni hiyohiyo kwa ukwaju. Ukiona ndani ya sufuria pamekuwa peupe na kung'aa baada ya kupika, ujue kile kilichotoka pale kimeingia kwenye kinywaji.

Nilitaka kuchanganya rosela na maziwa, yakakatika. Kuna njia?

Kwa moto, hakuna. Rosela, ukwaju, ubuyu na limao vyote ni vichachu, na maziwa ya moto yakikutana na uchachu hukatika papo hapo. Ukitaka kitu chenye uzito wa maziwa na ladha ya uchachu, tumia mtindi wa baridi na unga wa ubuyu, sukari kidogo, ukoroge. Hicho ni kinywaji cha mchana jua likiwa limetoka, na watoto hukipenda sana.

Ubuyu unaweza kunywewa wa moto?

Ndiyo, lakini uwe vuguvugu. Vitamini C iliyomo huharibika kwa kuchemshwa, na ukichemsha unapata uji mzito usioeleweka. Chemsha maji na tangawizi, yaache yapoe mpaka uweze kushika kikombe bila kuruka, kisha koroga vijiko viwili vya chakula vya unga wa ubuyu kwa kila kikombe, na asali.

Kama una ubuyu wenye mbegu, loweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, pekecha kwa mwiko mpaka mbegu zibaki uchi, chuja. Ule ubuyu mwekundu wa kumumunya una sukari na rangi tayari, hautufai hapa.

Asali tafuta ya Singida au Manyoni, ya misitu ya Itigi hasa. Ina harufu nzito inayosimama mbele ya ubuyu bila kupotea.

Zabibu za Dodoma zinapatikana lini, na naweza kuzitumia bila kutengeneza divai?

Zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mavuno ya pili ndiyo yanayotufaa, maana yanaanza kipupwe kikiwa hakijaisha. Ukipita njia ya Hombolo au Makutupora wakati huo utaziona zimepangwa kwenye ndoo barabarani.

Nyingi ni aina za kutengenezea divai, kama Makutupora nyekundu na Chenin Blanc. Zina mbegu na ganda gumu kidogo, kwa hiyo wengine hawazipendi kula. Kwa kinywaji cha moto hiyo ndiyo sifa, kwani rangi na ladha viko kwenye ganda.

Chambua kilo moja kutoka kwenye vikonyo, osha, weka na kikombe kimoja cha maji kwenye moto mdogo. Zikianza kupasuka ziponde kwa mwiko, ila usisage kwa blenda kwa sababu mbegu zikisagika zinaleta uchungu. Baada ya robo saa chuja kwa kitambaa safi. Rudisha juisi jikoni na mdalasini, karafuu tatu na ganda la chungwa, ipate moto bila kuchemka sana. Onja kabla ya kutia sukari. Za mwisho wa Agosti mara nyingi hazihitaji.

Ikibaki, iwekwe kwenye friji na inywewe ndani ya siku tatu. Ukiona vipovu na harufu ya kupanda puani, imeanza kuchacha; usiwape watoto. Na usiifunge kwenye chupa ya kioo kwa nguvu, inaweza kupasuka.

Uji nao ni kinywaji cha kumkaribisha mgeni?

Kwa nini usiwe? Kuna watu wanaona uji ni wa mgonjwa na mtoto, nami nadhani wamenyimwa uji mzuri. Uji mwepesi wa uwele au ulezi, uliotiwa ukwaju na karanga zilizosagwa, ukanywewa kwenye kata au kikombe cha udongo saa moja asubuhi upepo wa Julai ukivuma, unashinda vinywaji vingi vya hotelini vyenye povu juu. Uwele na mtama ndivyo vilivyoilisha nchi ya Wagogo kabla mahindi hayajatawala, kwa kuwa vinavumilia ukame.

Jambo moja kuhusu karanga: chambua moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi ya ajabu tupa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye nafaka, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga.

Vinywaji hivi vina madhara kwa mtu yeyote?

Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kidogo, hata kwenye maji ya moto. Rosela inaweza kushusha presha kiasi, kwa hiyo anayetumia dawa za presha na mjamzito waulize kituo cha afya kwanza. Mwenye kisukari ajue kwamba asali ni sukari pia. Maziwa ya kununua kwa mfugaji yachemshwe kila mara. Vidonda vya tumbo na ukwaju havipatani, mwenye navyo anajijua.

Chai yangu inakuwa na ladha ya chumvi hata nikitia viungo vya nguvu.

Ni maji. Visima vingi vya huku vina maji yenye chumvichumvi, na birika lenye ukoko mweupe ndani ni ushahidi. Kwa vinywaji vya maziwa haionekani sana. Kwa rosela, mchaichai na chai ya rangi, tumia maji ya mvua uliyohifadhi vizuri ukayachemsha, au nunua maji ya dumu kwa ajili ya siku ya wageni tu.

Naweza kuingiza jiko la mkaa sebuleni, chumba kipate joto na chai ibaki ya moto?

Hapana. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala na hawaamki. Hata mkaa uliofifia ukafunikwa na majivu unaendelea kuitoa. Pikia nje au jikoni penye hewa, halafu weka kinywaji kwenye chupa ya chai. Baridi ya usiku tibu kwa blanketi, soksi na kufunga madirisha ya upande wa upepo.

Tukija kwenye mapambo: nichague rangi gani?

Toka nje uangalie chini. Udongo mwekundu wa Dodoma, majani ya rangi ya asali, magome ya kijivu ya mbuyu, njano ya alizeti, weusi wa chungu kilichopikiwa. Ukibaki ndani ya rangi hizo huwezi kuharibu. Kitenge kimoja chenye rangi ya machungwa na kahawia juu ya kochi kinatosha kubadilisha sebule nzima. Vikiwa vitano vinaanza kupigana.

Swali la vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vya juu ya makochi, huwa linaleta ugomvi ndani ya nyumba. Ushauri wangu: kama vimefumwa na mama au mama mkwe, vibaki. Weka rangi za msimu kwenye stuli na ukutani.

Nipambe kwa nini ambacho hakinigharimu?

Masuke ya mtama na uwele, alizeti kavu, mahindi yenye maganda yake, maganda ya mbuyu, maganda ya mbegu za migunga, bogenvilia. Bogenvilia inastawi sana mjini, na majani yake ya rangi yakikauka yanabaki kama karatasi kwa wiki nyingi.

Masuke yakatwe na shina refu, yafungwe mafungu madogo kwa ukili au kamba ya katani, yaning'inizwe kichwa chini kivulini kwa wiki mbili. Jua kali linayafifisha rangi. Alizeti hivyohivyo, ila ichukuliwe kabla mbegu hazijaanza kudondoka, la sivyo panya watakuwa wageni wako wa kwanza. Hewa ya huku ni kavu mno miezi hii, kwa hiyo kukausha ni rahisi kuliko Tanga au Dar ambako vitu hivi huota ukungu.

Fungu moja kubwa ndani ya mtungi mrefu kwenye kona linapendeza kuliko vifungu kumi vilivyotawanywa.

Na wadudu?

Fukusi wanakuja na nafaka, na mchwa wanakuja wenyewe. Kabla ya kuingiza masuke ndani, yafunge kwenye mfuko na uyaweke kwenye sehemu ya barafu ya friji kwa siku tatu au nne, kisha yapunge hewa. Asiye na friji ayaanike kwenye jua kali juu ya bati kwa siku mbili na akubali rangi kupungua. Kwa mchwa, usiweke kitu chochote kikavu moja kwa moja sakafuni au kukigusisha ukutani. Weka kwenye stuli ya chuma, juu ya kigae, au kining'inie. Kagua kila wiki. Ukiona njia ndogo ya udongo inapanda, usingoje, toa siku hiyohiyo.

Dawa ya kupuliza usiitumie kwenye kitu kilicho karibu na meza ya chakula. Na nafaka iliyokuwa pambo isirudi jikoni.

Vibuyu vinaandaliwaje?

Kibuyu kikavu unakijua kwa kukitikisa: mbegu zinacheza ndani. Kama bado kizito, kiache kivulini, huweza kuchukua miezi. Kikikauka, kiloweke kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, kwangua ngozi ya juu kwa upande butu wa kisu, kata mdomo kwa msumeno mdogo, toa mbegu na utando wote. Jaza maji, mwaga, rudia kwa siku kadhaa mpaka uchungu uishe. Vumbi linalotoka unapokwangua ni baya kwa mapafu, funga kitambaa puani.

Cha kunywea kipakwe mafuta ya alizeti kwa nje tu. Rangi za dukani na vanishi ni kwa vile vya kutazamwa.

Wagogo wanatumia kibuyu pia kutengenezea zeze, chombo cha muziki cha nyuzi ambacho Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alikipeleka majukwaa ya nchi nyingi. Ukinunua zeze, jifunze walau sauti moja. Kulitundika tu kama picha ni kulidhalilisha.

Napenda michoro ya miambani ya Kondoa. Naweza kuitumia nyumbani?

Kuiga mtindo, ndiyo. Michoro ya Kolo na vilima vyake, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, ina watu warefu wembamba na wanyama kama twiga, mingi kwa rangi nyekundu ya udongo. Kata kitambaa cha amerikani, tengeneza rangi kwa udongo mwekundu uliochekechwa na gundi ya maji, chora kwa kidole au kijiti kilichotafunwa ncha. Kikikauka, kitundike kwa ufito juu na chini. Makosa ya mkono yanakipendezesha.

Ukienda kuitazama yenyewe, usiiguse, usiimwagie maji ili ing'ae kwa ajili ya picha, usiokote hata kijiwe.

Mimi ni mpangaji, mwenye nyumba hataki msumari ukutani.

Usipigilie. Ungo mkubwa usimame juu ya kabati ukiegemea ukuta. Vikapu vya Iringa, vile vya milulu, vinapangwa sakafuni kwa ukubwa na kubeba magazeti, blanketi na maboga. Mkeka wa ukindu unaning'inia kwenye bomba la pazia. Kwenye nondo za dirisha unafunga kamba na kushusha masuke. Chumba kimoja cha kupanga kina nondo nyingi kuliko unavyodhani.

Vumbi!

Ndiyo, vumbi. Upepo wa Juni hadi Septemba haukuachi. Chagua mapambo yanayofutika: kibuyu, chungu, boga, ungo. Maua ya plastiki yenye vijitundu elfu ni mtego wa vumbi, na sioni sababu ya kuyanunua wakati bogenvilia imejaa ukutani kwa jirani anayekusalimia kila siku. Masuke yapulize kwa kupepea nje. Mkeka ukung'utwe kila Jumamosi kabla ya kufagia, siyo baada.

Kuna mimea nisiingize ndani?

Minyaa ya uzio. Ni ya kijani, inavutia kwenye chombo, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali. Nyumba yenye watoto usithubutu. Miiba ya migunga nayo ikate kabla.

Mishumaa inaruhusiwa karibu na masuke?

Tumia taa ndogo za betri au za sola. Nyasi kavu, pazia, upepo na moto vikikutana haviulizi. Kama lazima mshumaa, uwe ndani ya glasi ndefu, mbali na kila kikavu, na mtu awepo chumbani.

Wageni wanakuja jioni, watu kumi. Nipange vipi?

Chagua vinywaji viwili, kimoja cha maziwa na kimoja kichachu. Maziwa ya boga na rosela vinatosha kabisa. Vyote viwe kwenye chupa za chai saa moja kabla. Kwenye sinia weka mbegu za maboga, karanga, vipande vya viazi vitamu vya kuchemsha na kashata. Katikati ya meza boga moja zima, bichi, likizungukwa na rosela kavu iliyomwagwa juu ya kitambaa cheusi. Acha nafasi ya vikombe! Meza nyingi za mapambo hazina mahali pa kuweka kikombe, mgeni anabaki amekishika mpaka anaaga.

Wazee wahudumiwe kwanza, na waulizwe kuhusu sukari kabla, siyo baada ya kutia. Anayefunga au asiyetumia maziwa atakunywa rosela wakati wake ukifika bila kujieleza.

Harufu nayo hupamba. Nusu saa kabla ya hodi ya kwanza, chemsha sufuria ndogo ya maji yenye maganda ya machungwa, karafuu na mchaichai, uiache wazi jikoni.

Jirani zangu wanataka niwauzie. Naweza kuuza?

Rosela iliyochujwa na kuuzwa kwenye vikombe mtaani ni jambo moja, na chupa yenye nembo dukani ni jambo jingine. Kwa chupa utahitaji usajili. Usalama wa vyakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu mwaka 2019. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wana ofisi Dodoma na hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo, anzia pale. Maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni kila Agosti ni mahali pazuri pa kuonja kazi za wenzako na kuona vifungashio kabla hujatoa hela yako. Viungo vikavu vilivyopimwa tayari kwa sufuria moja, yaani rosela, mdalasini, karafuu na tangawizi kavu kwenye mfuko, haviharibiki haraka kama juisi, kwa hiyo ni mwanzo mwepesi zaidi.

Mvua zikianza Desemba, vitu vyote hivi navipeleka wapi?

Masuke na alizeti kuku watashukuru kama hukuvipaka rangi wala dawa na havina ukungu. Vingine peleka kwenye mboji. Vibuyu na nyungo vifute, vikae juani siku moja, vihifadhiwe juu ya kabati penye hewa. Mbegu za boga tamu kuliko yote ulizoziweka kando mwezi Julai, bila kuzikaanga, zipande mvua ikishalowesha udongo vizuri.